Gasketi ya hedi imeungua tena? Mwongozo kamili wa kufungua, kupima na kufunga hedi ya Toyota 4A-GE

Wenye Levin, Trueno na MR2 za zamani wanalia na jambo moja. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloki, imebadilishwa, fundi amelipwa, gari limetembea vizuri kwa muda, kisha sindano ya joto inapanda tena na maji yanatapika kwenye tangi la akiba. Linarudishwa gereji, inafungwa gasketi nyingine, na hadithi inaanza upya.

Mara nyingi gasketi yenyewe haina kosa. Hedi ilirudishwa bila kupimwa, bolti zilikazwa kwa kukadiria, na kilichochemsha injini mwanzoni kiliachwa palepale. Kwa hiyo humu hatua za kupima nimezipa nafasi kubwa kuliko za kufungua. Kufungua hedi kila fundi anajua.

Injini ninayoizungumzia ni 4A-GE ya valvu 16: silinda nne, ujazo wa cc 1,587, kamshafti mbili juu (shafti zinazofungua valvu) zinazoendeshwa na mkanda, bloki ya chuma na hedi ya alumini. Ndiyo iliyo kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za chesisi AE86 na AE92, na kwenye MR2 ya kwanza (AW11). Mwenye ya valvu 20 anaweza kufuata mpangilio huu huu, ila vipimo avichukue kwenye kitabu cha injini yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa bolti

Usianze kazi huku spea nyingine bado unazitafuta. Hedi iliyokaa wazi wiki nzima kwenye gereji yenye vumbi inaingiza uchafu kwenye matundu ya oili, na uchafu huo hautauona tena mpaka beringi zianze kugonga.

Spea:

- Seti ya gasketi ya juu: gasketi ya hedi, za manifoldi ya inteki na ya ekzosi, za makava ya valvu, sili za valvu na sili za kamshafti
- Bolti mpya za hedi, zote 10
- Mkanda wa taimingi na roli yake ya tensheni
- Pampu ya maji, themostati na mfuniko wa rejeta
- Kulanti, pamoja na maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea kwenye betri, siyo asidi)
- Oili na filta mbili, kwa sababu utamwaga oili mara mbili

Vifaa:

- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inayosoma sawasawa
- Rula ya chuma iliyonyooka kweli, ndefu kuliko hedi, na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) inayoanzia milimita 0.03 au 0.04
- Geji ya kompresheni
- Soketi inayoingia barabara kwenye vichwa vya bolti za hedi. Hakikisha aina yake mapema. Soketi inayocheza itakula kichwa cha bolti, na hapo kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima.
- Kikwangulio cha plastiki, kisafisha breki, vitambaa visivyoacha nyuzi, kadibodi na kalamu ya rangi

Kuhusu gasketi yenyewe: dukani utaambiwa ya 4A-FE inaingia, kwa kuwa injini hizo ni ndugu na zimejaa mitaani kwenye Corolla za kawaida. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 81. Hilo halitoshi. Lete gasketi ya 4A-GE, na siku ya kufunga uiweke juu ya bloki na juu ya hedi, uangalie tundu moja baada ya jingine: la maji, la oili na la bolti.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba ni gasketi

Gari kuchemsha si ushahidi wa kutosha. Feni isiyowaka, rejeta iliyoziba au mpira uliopasuka huleta joto lilelile.

Anza injini ikiwa imelala usiku kucha. Fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama maji. Mapovu yanayotoka mfululizo kila injini inavyozunguka ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu dakika mbili tu baada ya kuwasha, na maji bado ni ya baridi, presha hiyo haikuletwa na joto.

Onyo: mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Mvuke unaotoka unaunguza uso na macho kabla hujarudi nyuma.

Kisha pima kompresheni, plagi zote nne zikiwa nje na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Silinda nzima husoma zaidi ya kilo 10 kwa sentimita ya mraba, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Silinda moja pekee ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, shida ni ringi za pistoni, na kufungua hedi peke yake hakutakusaidia.

Tazama na plagi zenyewe. Plagi iliyotoka safi inang'aa, wakati wenzake wana rangi ya kahawia, imekuwa ikioshwa na mvuke wa maji.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili nzito pale unapoiona kwenye kijiti. Ukiiona chini ya mfuniko wa kujazia oili tu, usiharakishe hukumu. Kwenye miji ya baridi kama Mbeya, Njombe au Limuru, gari la safari fupi fupi hukusanya unyevu hapo bila gasketi kuwa na neno.

Umefaulu ikiwa: una dalili mbili au zaidi zinazokubaliana, na unajua silinda ipi ndiyo mgonjwa. Iandike. Utaihitaji hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Poza, mwaga, weka alama

Injini ipoe kabisa, yaani uweze kuweka kiganja juu ya hedi bila kuhisi uvuguvugu. Hedi ya alumini iliyofunguliwa ikiwa ya moto hujipinda mara bolti zinapoiachia.

Ondoa waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta, kisha fungua na koki ya kwenye bloki. Koki hiyo wengi huiruka, halafu maji yaliyobaki yanamwagikia ndani ya silinda hedi inaponyanyuliwa. Mwaga oili pia.

Mfumo wa petroli wa injini hii una presha. Zungushia kitambaa kwenye kiungo cha paipu kabla ya kukilegeza, na pasiwe na sigara wala taa yenye moto karibu.

Piga picha za kila upande, na kila mpira wa vakyumu na kila plagi ya waya uifunge kipande cha plasta chenye namba. 4A-GE zenye T-VIS, ile milango ya ziada kwenye manifoldi ya inteki, zina mipira midogo mingi inayofanana. Miwili ikibadilishana, gari litawaka lakini nguvu haitakuwepo, na wewe utaishia kuilaumu gasketi.

## Hatua ya 3: Pistoni namba 1 juu, mkanda nje

Zungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa spana, kwa mwelekeo wake wa kawaida, hadi alama ya puli ikae kwenye 0 ya kava la taimingi. Tazama vikombe vya valvu vya silinda namba 1: vyote vikiwa huru, uko mahali pake. Vikiwa vimekandamizwa, ongeza mzunguko mmoja kamili.

Hakikisha alama za puli mbili za kamshafti zinaelekeana na alama za kava la nyuma. Zipige picha. Weka alama ya rangi pia pale distribyuta inapokalia hedi, na pale rota inapoelekea.

Legeza roli ya tensheni, toa mkanda. Kuanzia hapa krenki isiguswe mpaka utakapoambiwa.

## Hatua ya 4: Manifoldi na kamshafti

Nati za ekzosi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Nati iliyokataa usiilazimishe kwa paipu refu. Ipashe moto, ipulizie, irudishe nyuma na mbele kidogo kidogo. Stadi iliyokatikia ndani ya hedi ya alumini inakupeleka karakana kwa kazi ambayo hukuipanga.

Kamshafti lazima zitoke ili zifikiwe bolti za hedi. Vishikizo vya kamshafti vina namba na mshale. Visichanganywe hata kimoja. Bolti zake zilegeze robo robo, kutoka pembeni kuja katikati, kwa raundi kadhaa. Springi za valvu zinaisukuma kamshafti upande mmoja, na ukifungua bolti za upande huo zote kwa mkupuo, shafti inaweza kuvunjika.

Chora kwenye kadibodi mpangilio wa valvu 16, kila kikombe na shimu yake (kisahani chembamba cha kurekebisha nafasi ya valvu) vikae mahali pake. Unene wa shimu ulichaguliwa kwa valvu ile, si kwa jirani yake.

## Hatua ya 5: Kunyanyua hedi

Legeza bolti 10 za hedi kutoka pembeni kwenda katikati, kwa raundi tatu. Raundi ya kwanza robo mzunguko tu. Zichomeke kwenye kadibodi kwa mpangilio wake, kwani urefu wake unaweza kutofautiana.

Hedi ikiwa imeng'ang'ania, itikise kwa nyundo ya mpira au ikwamue kwa nondo kwenye masikio ya pembeni ya hedi. Bisibisi isiingizwe kati ya hedi na bloki kamwe. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi kwenye alumini ni njia mpya ya maji.

Ilaze juu ya vipande viwili vya mbao, uso wake usiguse sakafu.

## Hatua ya 6: Isome gasketi ya zamani

Usiitupe. Huyu ndiye shahidi wako pekee, na hapa ndipo ninapoona mafundi wazuri wanapotofautiana na wanaokimbilia kufunga.

Iweke kwenye meza yenye mwanga na uzungukie pete za chuma za silinda, moja baada ya nyingine. Kwenye silinda uliyoiandika hatua ya 1 utakuta sehemu ambayo pete imebadilika: mstari mweusi wa masizi unaotoka kwenye silinda kuelekea tundu la maji, au kipande cha pete kilicholika hadi kikaisha. Pitisha ukucha hapo. Gasketi nzima ina mgandamizo mmoja mzunguko mzima. Iliyovuja ina sehemu laini, nene kidogo kuliko kwingine, kwa kuwa hedi haikuwahi kuibana vya kutosha.

Sasa tafsiri unachokiona.

Masizi kati ya silinda ya 2 na ya 3, katikati ya hedi, mara nyingi ni hedi iliyojipinda kwa joto. Nenda hatua ya 7 ukiwa na matarajio ya kuipeleka karakana.

Masizi upande mmoja tu, karibu na bolti fulani, yaashiria kwamba bolti hiyo haikuvuta. Kagua uzi wake na uzi wa tundu lake. Ikiwa bolti imejaa gundi, kutu au mchanga, umeshampata mkosaji.

Pete imepondeka au imevunjikavunjika bila hedi kujipinda? Injini imekuwa ikigonga. Petroli dhaifu au moto wa plagi uliowekwa mapema mno hupiga gasketi kwa ndani mpaka inapasuka. Hapo utairekebisha taimingi ya moto mwishoni, la sivyo mpya nayo itakwenda.

Matundu ya maji yakiwa yamelika na kutu nyekundu pande zote, gari limekuwa likinywa maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti. Kwenye miji ya pwani, ambako maji ya kisima mengi yana chumvi, alumini huliwa mapema zaidi. Tazama hedi kuzunguka matundu hayo: shimo lililolika likikaribia mstari wa pete ya silinda, kusaga peke yake hakutoshi, lazima lijazwe kwa kuchomelewa alumini ndipo isagwe.

## Hatua ya 7: Pima, usikisie

Kwanza safisha. Ziba silinda na matundu yote ya oili na maji kwa vitambaa. Kwangua mabaki kwa plastiki, malizia kwa kisafisha breki.

Onyo: usitumie diski ya msasa ya mashine, hata kama ndiyo inayong'arisha haraka. Inachimba mabonde yasiyoonekana kwenye alumini, na chembe zake ngumu huingia kwenye njia za oili na kuzila beringi za krenki.

Simamisha rula kwa ubavu wake juu ya uso wa hedi. Pima mistari sita: miwili kwa urefu kwenye kingo, miwili ya kukata kona kwa kona, na miwili ya kukatisha kwa upana. Kila mahali jaribu kupitisha fila geji chini ya rula.

Kikomo ni milimita 0.05 kwa uso unaokalia bloki, na milimita 0.10 kwa uso wa manifoldi. Geji ya 0.05 ikipita kwa ulaini popote, hedi inakwenda kusagwa. Wapo watakaokwambia gasketi nene itaziba hiyo tofauti. Haizibi. Unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia ni mara mbili ya kikomo hiki, kwa hiyo macho hayana kazi hapa.

Rudia mistari ileile kwenye bloki, ambayo nayo kikomo chake ni 0.05. Bloki ya chuma haijipindi ovyo, lakini ikiwa imejipinda, kusaga hedi pekee ni kutupa pesa.

Kisha kagua nyufa. Zitafute kati ya viti vya valvu na kuelekea tundu la plagi. Gari likiwa limechemsha vibaya hata mara moja, mwambie mwenye karakana aipime hedi kwa presha ndani ya maji ya moto kabla ya kuisaga. Ni heri kulipia kipimo hicho kuliko kusaga hedi iliyopasuka.

Ukifika karakana, sema mambo matatu bila haya. Pima unene kabla na baada, uniandikie. Saga kidogo iwezekanavyo mpaka uso unyooke, basi. Na uso ukitoka, uwe laini, bila mistari inayoshika ukucha. Hedi iliyosagwa mara nyingi huongeza mgandamizo wa silinda na kuisogeza taimingi ya kamshafti kidogo, kwa hiyo ni haki yako kujua imeshapungua kiasi gani.

Wakati huohuo badilisha sili za valvu. Hedi iko mezani. Siku nyingine itakubidi ufungue yote haya tena.

Umefaulu ikiwa: geji ya 0.05 haipiti mahali popote, juu na chini, na una karatasi yenye unene wa hedi.

## Hatua ya 8: Matundu ya bolti

Ni hatua fupi, inarukwa sana, na inaua bloki.

Safisha uzi wa kila tundu kwa bolti ya zamani uliyoikata mfereji ubavuni, au kwa tepu ya kusafishia uzi. Kisha nyonya au puliza kila tone la maji na oili, ukiwa umevaa miwani. Kimiminika kilichonaswa chini ya bolti hakibonyei. Bolti inapokazwa, kinaweza kuipasua bloki, au kikaidanganya spana ya toki ikasema imekaza wakati hedi haijabanwa.

## Hatua ya 9: Gasketi mpya inakwenda kavu

Futa nyuso zote mbili kwa kisafisha breki kwa mara ya mwisho. Hakikisha pini mbili za kuongozea zipo kwenye bloki. Laza gasketi, uso wenye maandishi ya kuonyesha juu ukiwa juu, na uhakikishe tundu la kupandisha oili halijazibwa.

Hakuna silikoni. Hakuna grisi. Hakuna rangi ya fedha. Gasketi hii inaziba kwa mgandamizo, na kitu chochote cha kuteleza katikati kinaifanya isogee injini inapopata moto. Silikoni inayofinyika nje huonekana. Inayofinyika ndani huenda kuziba njia za maji.

Shusha hedi wima, watu wawili, bila kuiburuta.

## Hatua ya 10: Kukaza

Paka oili nyepesi kwenye uzi na chini ya kichwa cha kila bolti. Bolti kavu inatumia nguvu nyingi kupambana na msuguano wake yenyewe, kwa hiyo spana inalia wakati hedi bado imelegea.

Mpangilio ni kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kupishana pande mbili. Anza na bolti mbili za katikati, kisha zile zinazozizunguka, umalizie na nne za kona. Namna hii gasketi inalazwa kuelekea nje. Ukianzia pembeni unanasa tumbo katikati.

Kiasi cha kukaza kinategemea toleo, na hapa usichanganye:

- Injini za mwanzo, kama za AE86: Nm 59 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza kinachosomwa kwenye spana ya toki), kwa kupanda hatua tatu. Mfano 20, kisha 40, kisha 59.
- Injini za baadaye, kama za AE92: Nm 29 kwanza zote kumi, kisha digrii 90, kisha digrii 90 nyingine.

Bolti za MR2 hutofautiana kwa mwaka wa gari, hivyo thibitisha kwenye kitabu cha chesisi yako kabla ya kununua bolti.

Kwa njia ya digrii, baada ya kufika Nm 29 tia nukta ya rangi kwenye kila bolti, upande unaoelekea mbele ya injini. Zungusha zote kwa mpangilio mpaka nukta ielekee ubavuni. Rudia, mpaka nukta zote kumi ziangalie nyuma. Ukisita ulikuwa umefika wapi, nukta itakwambia. Bolti hizi zinavutwa mpaka zirefuke, ndiyo maana nimeweka mpya kwenye orodha.

Bolti ikizunguka kwa ulaini wakati wenzake wanakuwa wagumu, simama. Uzi unatoka. Kuendelea ukitumaini itashika ni kujitafutia safari ya pili.

Umefaulu ikiwa: bolti zote zilikaza kwa ugumu unaofanana, bila kuruka wala kulia.

## Hatua ya 11: Kamshafti, nafasi za valvu na mkanda

Rudisha vikombe na shimu kwa namba zake, paka oili, laza kamshafti. Vishikizo vikazwe kidogo kidogo kutoka katikati hadi Nm 13.

Hedi ikisagwa na viti vya valvu vikiguswa, nafasi zinabadilika. Pima injini ikiwa baridi: inteki milimita 0.15 hadi 0.25, ekzosi 0.20 hadi 0.30. Nafasi ndogo mno ya ekzosi haitoi kelele, lakini valvu haikai kwenye kiti chake ikapoa, na mwisho inaungua. Iliyo nje ya kipimo badilisha shimu yake.

Rudisha alama za puli na krenki kama kwenye picha zako. Funga pampu mpya, kisha mkanda, upande usio na tensheni ukiwa umenyooka. Iachie springi ya roli isukume mkanda, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, hakikisha alama zimerudi zote tatu, ndipo ukaze roli. Ukikutana na kitu kigumu katikati ya mzunguko, rudi nyuma utafute sababu. Usimalizie kwa stata.

## Hatua ya 12: Ondoa kilichochemsha injini

Kabla ya kumimina kulanti, jibu swali: kwa nini ilichemsha?

Rejeta ipelekwe kufunguliwa na kusafishwa mirija yake, au ibadilishwe. Kumwagia maji ya mpira kwa nje hakutoshi. Unganisha feni ya umeme moja kwa moja na betri uone kama inazunguka kwa nguvu. Kwenye AE86 kagua klachi ya feni.

Mfuniko wa rejeta ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzijoto 100 ukiwa Mombasa au Dar es Salaam, lakini Nairobi huchemka kwenye 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Presha inayoshikiliwa na mfuniko ndiyo inayosogeza mchemko huo mbali. Springi ikichoka, ulinzi huo umekwenda.

Na themostati irudishwe. Najua desturi yetu ya kuitoa ili gari lipoe. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka huziba pia njia fupi ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Weka inayofunguka kwenye nyuzijoto 82, na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uione ikifunguka.

## Hatua ya 13: Maji, hewa na kuwasha

Changanya kulanti na maji yaliyokenekwa nusu kwa nusu. Fungua hita hadi mwisho, inua pua ya gari, mimina polepole. Kwenye MR2 rejeta iko mbele na injini iko nyuma ya viti, mipira mirefu inapita chini ya sakafu. Hewa itanaswa usipofungua valvu zake za kutolea hewa moja baada ya nyingine.

Weka oili mpya na filta. Chomoa plagi ya waya ya distribyuta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha waya, washa.

Moshi mweupe kidogo kwa dakika kumi za mwanzo usikutishe. Ni maji yaliyobaki kwenye ekzosi. Mapovu kwenye rejeta nayo yatakuwepo mpaka hewa iishe, kisha yakome. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Mpira wa juu na wa chini wote wawe wa moto.

Taimingi ya moto iweke digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, ukiwa umeunganisha kwa waya matundu yenye alama T na E1 kwenye kisanduku cha ukaguzi, injini ikiwa ya moto na imetulia. Usiisogeze mbele kwa kutafuta nguvu, hasa ukiwa na mashaka na petroli unayoijaza.

Liache lipoe usiku kucha. Asubuhi fungua mfuniko: maji yakiwa yamepungua kidogo, ongeza, hewa imetoka. Shika mpira wa juu dakika mbili baada ya kuwasha, kama ulivyofanya siku ya kwanza. Safari hii uwe laini.

Bolti zilizokazwa kwa digrii hazirudiwi kukazwa. Tembea kilomita 500 kwa upole, bila kuzungusha injini hadi mwisho, kisha mwaga oili na utoe filta. Maji yaliyoingia kwenye oili hayatoki yote kwa kumwaga mara moja, na filta hiyo ya pili ndiyo inayobeba masalia. Pima tena kompresheni siku hiyohiyo, na uandike namba za silinda zote nne kwenye karatasi ileile yenye unene wa hedi.